Nilinyoosha Mkono, Miembe Ikakatwa

Mwezi Februari mwaka juzi, saa nane mchana, nilikuwa nikisimamia mtihani wa wanafunzi wapatao mia mbili katika ukumbi mpya wa mihadhara wa chuo ninachofundisha. Chuo hiki kiko ukanda wa pwani. Sitakitaja jina, kwa kuwa ninayoyasimulia yanaweza kuwa yametokea katika chuo cha msomaji yeyote. Dakika ya arobaini umeme ulikatika na viyoyozi vikazima vyote kwa pamoja. Wanafunzi waliinua vichwa, wakatazamana, kisha wakaendelea kuandika. Jenereta haikuwaka. Baadaye nilielezwa kwamba haikuwa na mafuta, na kwamba fedha za mafuta za robo ile ya mwaka zilikuwa zimekwisha.

Baada ya robo saa hewa ya mle ndani ilikuwa kama ya gari lililofungwa vioo na kuachwa juani. Nilikwenda kufungua dirisha, nikakuta hakuna dirisha la kufungua. Ukuta wote wa magharibi ni vioo vilivyokazwa kwenye fremu za aluminiamu kuanzia sakafuni hadi darini, na jua la alasiri lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuingia. Msichana mmoja wa safu ya mbele aliinua kijitabu chake cha majibu akanionyesha: jasho la mkono lilikuwa limetawanya wino, mistari mitatu haisomeki. Akaomba kijitabu kingine. Nilimpa, lakini muda alioupoteza sikuwa na namna ya kumrudishia.

Saa tisa na nusu, mimi na msimamizi mwenzangu tuliamua jambo ambalo kanuni za mitihani hazilipendi. Tuliwahamisha wanafunzi, kimya kimya na kwa mistari, hadi kwenye ukumbi wa zamani ulio nyuma ya maktaba. Ukumbi ule ni mwembamba na mrefu, una matofali ya matundu pande zote mbili, na haujawahi kuwa na kiyoyozi. Upepo wa kaskazi ulikuwa ukipita ndani yake kana kwamba hakuna kuta. Walimalizia mtihani pale, nami nikarudi ofisini kuandika maelezo marefu ya kujitetea kwa Ofisi ya Mitihani.

Wakati wa kukusanya vijitabu, yule msichana aliniuliza kwa adabu: "Samahani mwalimu, hivi lile jengo waliliidhinisha akina nani?"

Nilimjibu neno moja: "Kamati."

Makala haya ni majibu kamili ambayo nilipaswa kumpa siku ile. Nilikuwa mjumbe wa kamati hiyo. Siku ya uamuzi nilinyoosha mkono.

Kikao kilifanyika mwezi Mei. Mtumishi yeyote wa umma anayesoma hapa anaujua mwezi Mei ulivyo: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na fedha ambazo hazijafungwa katika mkataba zinaweza kurudi Hazina. Mezani kulikuwa na michoro ya rangi, mizuri kupita kiasi, ikionyesha jengo la ghorofa tatu lenye uso wa vioo ukitazama lango kuu na barabara. Katika michoro ile palikuwa na watu wanaotembea juu ya nyasi zilizokatwa kama zulia, na angani hapakuwa na jua. Hilo la jua nimelitambua baadaye.

Niliuliza swali moja tu. Niliuliza kama madirisha ya upande wa magharibi yatafunguka. Mshauri elekezi alinijibu kwa upole kwamba hakuna haja, kwa sababu jengo litakuwa na viyoyozi, na madirisha yanayofunguka huingiza vumbi na kupoteza ubaridi. Mwenyekiti alitazama saa. Nikanyamaza. Kipengele kilichofuata kilihusu miembe tisa iliyokuwa imesimama mahali palipopangwa kuwa maegesho ya magari. Kilipita bila swali. "Wanaokubali wanyooshe mkono," alisema mwenyekiti, nasi sote tukanyoosha.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuendelea. Sababu ya kwanza ni hofu, kwani hakuna anayetaka kukumbukwa kama mtu aliyefanya fedha za chuo zirudi Hazina. Sababu ya pili inanitia aibu zaidi: nililipenda lile jengo. Nilitaka na sisi tuwe na jengo linalong'aa, la kupigia picha za mahafali, linalofanana na yale tunayoyaona katika picha za miji ya watu matajiri. Miaka ishirini nimefundisha juu ya ukoloni wa fikra, na siku ukoloni huo ulipowekwa mezani mbele yangu kwa sura ya mchoro, niliuona wa kuvutia.

Wiki mbili baadaye nilimkuta mtunza bustani wetu, mzee aliyeajiriwa hapo kabla sijaanza shule ya msingi, amesimama mbele ya miembe ile. Kila shina lilikuwa limepakwa alama ya rangi nyekundu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hii miembe mmekwisha kuipima kivuli chake?" Nilidhani anatania. Akaeleza kwamba saa saba mchana kivuli cha miembe ile tisa huchukua vimbweta kumi na viwili na wanafunzi wasiopungua sitini, na kwamba kama tunaondoa mahali pa kusomea pa watu sitini, bila shaka tumepanga pa kuwaweka. Nilimwambia kwamba uamuzi umekwisha kupita. Sikumwambia ulipita kwa mikono ya nani. Kwa hiyo, siku niliyomjibu mwanafunzi kwa neno "kamati," nilikuwa najificha kwa mara ya pili.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nisingeweza kudai kutojua. Mimi ni zao la Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia kwenye kilima chake mwaka 1964. Majengo ya miaka ile ya mwanzo yamekuwa alama ya taifa kiasi kwamba Ukumbi wa Nkrumah uliwahi kuchapishwa nyuma ya noti ya shilingi 500. Tunapoyasifu majengo hayo huwa tunasifu historia yake ya kisiasa: midahalo, maandamano, wanazuoni waliopita. Mara chache tunasifu akili iliyomo katika kuta zake. Nilisoma pale kwa miaka mitatu, na katika vyumba vingi nilivyokalia hewa iliingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Kutoka jengo moja hadi jingine tulipita katika njia zilizoezekwa, hivyo jua halikutuchoma wala mvua haikutulowesha. Miti iliachwa kwenye miteremko, na chini yake tukasomea. Sikumbuki kuwahi kuuliza ni nani aliyeyafikiria hayo. Kitu kinachofanya kazi yake vizuri hakituulizi lolote.

Akili yenyewe haina siri kubwa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Adhuhuri jua huwa juu sana, kwa hiyo paa pana lenye upenu mrefu linatosha kuzikinga kuta za kaskazini na kusini. Hatari iko mashariki asubuhi na magharibi jioni, wakati jua liko chini na miale yake inapenya chini ya upenu wowote. Ndiyo maana fundi mwenye busara huku kwetu hulaza jengo refu toka mashariki kwenda magharibi, akaacha kuta fupi ndizo zilipokee jua la asubuhi na la jioni. Kuhusu upepo, watu wa pwani hawahitaji kufundishwa na mtu: kaskazi huvuma miezi ya joto, kusi huvuma miezi ya baridi, na kwa karne nyingi mabaharia walipanga safari na biashara zao kwa kalenda hiyo. Sisi, katika kamati yetu, tuliweka kioo kisichofunguka upande wa magharibi kwa sababu lango kuu liko magharibi. Jengo lilielekezwa kwa wageni, si kwa hali ya hewa.

Waliojenga Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja hawakuwa na digrii zetu. Walitumia mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Walijenga kuta nene zinazochelewa kupata joto, na vichochoro vyembamba ambamo nyumba moja huitilia kivuli jirani yake. Waliweka baraza mbele ya nyumba, mahali ambapo mwenyeji na mpita njia waliweza kuketi pamoja pasipo mmoja kuingia faragha ya mwenzake. Sisemi turudi kuchimba matumbawe na kukata mikoko; bahari yetu haiwezi kulibeba hilo tena. Ninachosema ni kwamba waliuliza maswali sahihi kabla ya kunyanyua jiwe la kwanza: jua linatoka wapi, upepo unapita wapi, maji yanakwenda wapi, na watu watakaa wapi.

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili mwaka 1977, alipofanya tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha. Alilalamika kwamba watu wetu wamezoea kuiona nyumba kuwa nyumba ikiwa tu imejengwa kwa saruji na kuezekwa bati, hata pale penye udongo mzuri wa kuchoma matofali na vigae, kana kwamba saruji ni udongo ulio bora kwa sababu unatoka Ulaya. Wakati ule hoja yake ilikuwa ya kujitegemea. Leo imeongezeka hoja nyingine. Saruji hupatikana kwa kuchoma chokaa katika joto la nyuzi zaidi ya 1,400, na utengenezaji wake unachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Hatutaacha kutumia saruji kesho. Lakini kuimwaga juu ya kila mita ya ardhi ya chuo, kisha kununua viyoyozi vya kuondoa joto ambalo saruji hiyo hiyo na vioo vyake vimelikusanya, ni kulipa mara mbili kwa kosa moja.

Najua jibu litakalokuja, kwa kuwa nimelisikia vikaoni: ujenzi wa kujali mazingira ni anasa ya mataifa tajiri. Mifano iliyo karibu nasi inakataa. Diébédo Francis Kéré alizaliwa katika kijiji cha Gando, Burkina Faso. Shule ya msingi aliyokijengea kijiji chake ilikamilika mwaka 2001. Wanakijiji wenyewe walishiriki kuijenga kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na paa la bati likanyanyuliwa juu ya dari yenye matundu ili hewa ya moto itoke yenyewe. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa zaidi katika usanifu wa majengo. Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, mahali penye joto kali kuliko letu, amesanifu kampasi ya vijana wanaojifunza teknolojia ya habari, Startup Lions, iliyokamilika mwaka 2021. Minara yake mirefu ya kutolea hewa moto imeiga vichuguu vya eneo lile. Mjini Harare jengo la Eastgate, kazi ya Mick Pearce, limetumika tangu mwaka 1996 bila mfumo wa kawaida wa viyoyozi: hewa baridi ya usiku hupitishwa ndani ya zege, na zege hilo huupoza mchana unaofuata. Na jijini Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore kimeweka juu ya mapaa yake mitambo ya umeme wa jua ya kilowati 600 tangu mwaka 2014. Burkina Faso si nchi tajiri kuliko Tanzania, na jua la Turkana halina huruma kuliko la kwetu.

Kama basi maarifa yapo, na mifano ipo, kwa nini tunaendelea kujenga masanduku ya vioo? Nimefikia kuamini kwamba kiini cha tatizo kimo katika vitabu vyetu vya hesabu.

Jengo la umma huzaliwa katika bajeti ya maendeleo na huishi katika bajeti ya matumizi ya kawaida. Wanaolizaa si wanaolilisha. Kamati inayopitisha michoro huhukumiwa kwa mambo mawili: je, fedha zimetumika kabla ya Juni 30, na je, jengo limefunguliwa kwa wakati? Hakuna anayeiuliza jengo litatumia umeme kiasi gani mwaka wa kumi, wala nani atanunua kiyoyozi cha pili cha kwanza kikifa. Swali hilo humwangukia mhasibu mwingine, mkuu mwingine wa kitivo, na hatimaye mwanafunzi, ambaye huona ada imepanda au maktaba imefungwa mapema na haambiwi uhusiano uliopo. Dirisha linalofunguka halina ankara ya mwezi. Mwembe hauhitaji mafuta ya dizeli. Lakini kwa kuwa havimo katika jedwali lolote la gharama, katika kikao huonekana kama vitu visivyo na thamani, na kuviondoa huonekana ni bure.

Hali ni hiyo hiyo kwa ardhi inayozunguka jengo. Pale ilipokuwa miembe tumetandaza pevingi hadi ukutani, na pembeni tukapanda nyasi za kununua ambazo haziwezi kuishi wiki mbili bila maji. Masika ya kwanza maji ya mvua, yaliyokuwa yakinywewa na udongo, yaliteremka yote kwa pamoja hadi mabweni ya chini na kuingia vyumbani. Kiangazi kilichofuata niliona mpira wa maji ukimwagilia zile nyasi asubuhi, huku hatua mia mbili kutoka hapo wanafunzi wa kike wamepanga ndoo mbele ya bomba lililokauka. Mvua ya Dar es Salaam kwa wastani huzidi milimita 1,000 kwa mwaka, na milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 1,000 hupokea basi lita zaidi ya milioni moja kila mwaka. Hata tukipoteza robo yake kwa kuvuja na kukauka, ni maji mengi ya kuoshea, kupigia deki na kumwagilia miche. Jengo letu lina mifereji mizuri ya paa. Yote inamwaga barabarani.

Watunza bustani waliyaona haya mapema kuliko sisi. Lakini siku hizi usafi na bustani hutolewa kwa zabuni, na vibarua wa kampuni hubadilishwa kila mkataba unapobadilika. Hakuna anayebaki muda wa kutosha kujua maji hukimbilia upande gani. Mzee wetu ni wa mwisho wa kundi lake. Maarifa yake ya miaka arobaini kuhusu udongo wa kilima kile hayamo katika ripoti yoyote, na katika kamati hana kiti.

Hapo ndipo suala hili linapokuwa la kisiasa, na ndipo ninapomkumbuka Wangari Maathai. Kabla dunia haijamjua alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1977 alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani kwa kuwahimiza wanawake wa vijijini kupanda miche. Mwaka 1989 alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru katikati ya Nairobi. Alitukanwa bungeni na kudhihakiwa, lakini mradi uliachwa na bustani ikabaki. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Wapo waliouliza miti inahusiana nini na amani. Yeye alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba swali la nani anaamua mti ukatwe ni lile lile la nani anaamua mambo ya nchi. Ninapomlinganisha mhadhiri yule na huyu anayeandika, aliyenyamazishwa na mwenyekiti kutazama saa tu, sina la kujitetea.

Nchini mwetu sheria haiko kimya. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili na mali ya umma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira na inatambua haki ya umma kushirikishwa katika maamuzi. Katika chuo, umma ni nani kama si wanafunzi, wapishi, walinzi na watunza bustani? Kwenye kikao chetu cha Mei mwakilishi wa wanafunzi alikuwa na udhuru, na kikao kikaendelea. Sote tulikuwa na akidi. Hatukuwa na mtu hata mmoja atakayeketi katika ule ukumbi kwa saa tatu akiandika.

Baada ya mtihani ule niliomba kurudishwa katika kamati. Mwaka jana jengo la pili lilifika mezani: maabara na ofisi, kwa michoro inayofanana na ya kwanza. Safari hii nilikwenda na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na ankara za umeme na mafuta ya jenereta za jengo la kwanza, nilizozipata kwa mhasibu baada ya kumsumbua wiki tatu. Ya pili ilikuwa na maswali manne: ukuta upi unapokea jua la jioni, umeme ukikatika, watu watapumua kwa njia gani, maji ya paa yanakwenda wapi, na ni nani, kwa fungu lipi, atakayelilisha jengo hili kwa miaka thelathini. Mzee wa bustani aliitwa, kwa ombi langu, akaeleza kwa dakika kumi mahali maji yanapopita. Wajumbe walimsikiliza kwa makini kuliko walivyonisikiliza mimi.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba tulishinda. Uso wa vioo ulibaki, kwa maelezo kwamba mkataba wa usanifu ulikuwa umekwisha kusainiwa. Lakini madirisha ya pande zote mbili yatafunguka, mikangazi minne imezungushiwa uzio badala ya kupakwa rangi nyekundu, na tangi la maji ya mvua limeingizwa katika makadirio, ingawa ni nusu ya ukubwa tuliouomba. Pendekezo la kutoboa madirisha katika ukumbi wa kwanza lilikataliwa. Hakuna fungu, niliambiwa. Fedha za kununulia mafuta ya jenereta zina fungu. Fedha za kuyafanya mafuta yasihitajike hazina. Niliomba pingamizi langu liandikwe katika muhtasari, likaandikwa.

Kwa wanafunzi wanaosoma hapa: mnapomchagua mwakilishi, muulizeni kama atahudhuria kikao cha ujenzi, kwa kuwa pale ndipo joto mtakalofanyia mtihani linapopigiwa kura. Kwa wanaharakati: mnaolinda misitu ya mbali mnafanya kazi njema, lakini miti inakatwa pia nyuma ya ofisi zenu, na michoro yake hupita bila mtu kuiomba aione. Kwa watumishi wenzangu wa umma: kabla hatujanyoosha mikono, tuombe karatasi moja ya ziada, ya gharama za kuendesha jengo hadi mjukuu wa mkandarasi amalize chuo. Ikikosekana, tuna haki ya kuacha mikono yetu mapajani.

Wiki iliyopita nilipita maegeshoni asubuhi na mapema. Pembeni, mahali ambapo mafundi walikosea kipimo na kuacha ardhi wazi, kisiki kimoja cha mwembe kimechipua. Machipukizi yamefika urefu wa kiuno. Ofisi imekwisha kutoa agizo king'olewe, kwa maelezo kwamba mizizi itanyanyua pevingi. Nilimkuta mzee amesimama hapo na panga lake, nikamwamkia. Aliniambia kwamba agizo amelipokea, ila panga ni butu na amelipeleka ombi la tupa ya kunolea. Nilimuuliza amelipeleka lini.

"Mwezi wa pili sasa, mwalimu," alisema. "Nasubiri kamati."